Shule ya Jirani: Wazazi Wetu Wamekuwa Wakipima Nini Miaka Yote Hii?



Kila mwaka unapoelekea kuisha, sisi vijana tunaojitolea kusaidia kuandikisha wanafunzi tunaulizwa swali moja kuliko maswali mengine yote. Mtoto amemaliza Gredi ya 6. Sasa aendelee na Gredi ya 7 kwenye shule ya karibu, ile isiyo na karo, ama wazazi wajibane watafute pesa ya akademi ya mjini, Lodwar au Kitale? Mama mmoja alituambia, "Wanangu, nyinyi mumesoma, mniambie ukweli. Naogopa kumharibia mtoto maisha kwa sababu ya kuhesabu shilingi."

Kwenye kikundi tumebishana sana juu ya jambo hili. Wengine wetu wanasema shule ya jirani ndiyo yetu, tukiikimbia nani atabaki nayo? Wengine wanajibu kwamba hakuna mzazi anayepaswa kumtoa mtoto wake sadaka ili shule iwe nzuri kwa watoto wa wengine. Basi tukaona tuache kubishana kidogo, tuangalie nyuma. Maana swali hili si geni. Babu zetu kule Congo walijiuliza, na wazee wa Kenya, nchi iliyotupokea, walijiuliza tena na tena. Tukifuata njia yao tutaona walikuwa wanapima nini hasa.

TUANZIE NYUMBANI, CONGO

Wengi wetu tumetoka Kivu. Wakati wa Wabelgiji, ukisema shule ya Mwafrika umesema shule ya misioni. Mapadri na wachungaji ndio walioshika mlango, na mzazi hakuwa na cha kupima. Mwaka 1954 waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, alianzisha shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kiafrika. Hapo ndipo mzazi wa mjini alipopata shule mbili za kulinganisha, ya padri na ya serikali. Misioni za Kikatoliki zilipinga vikali. Ulikuwa ugomvi uliotoka Ubelgiji kwenyewe, kati ya watu wa Kanisa na wale wasiotaka Kanisa litawale shule, lakini uliingia mpaka ndani ya nyumba ya baba aliyekuwa anatafuta tu mahali mtoto wake ajifunze kusoma. Kuchagua shule ikawa pia kuchagua upande.

Baada ya uhuru, mwaka 1974, Mobutu alizichukua shule za makanisa zote zikawa za serikali. Haikuchukua muda serikali ikashindwa kuzibeba. Mwaka 1977 ilitia saini mkataba na makanisa, ikawarudishia uendeshaji. Ndiyo maana mpaka leo shule nyingi za umma Congo zina jina la kanisa: serikali ndiyo mwenyewe na ndiyo inayopaswa kumlipa mwalimu, lakini kanisa ndilo linaloendesha kazi ya kila siku.

Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1990. Mshahara wa mwalimu ulikuwa hauwezi kununua hata gunia la unga. Walimu wakagoma. Ili shule zifunguliwe, wazazi wakakubali kuwaongezea walimu kitu kidogo kila mwezi. Ndiyo ile tunayoiita prime. Aliyesoma Bukavu, Uvira au Goma hahitaji kuelezwa: mtoto anarudi nyumbani asubuhi hiyo hiyo aliyotoka, na daftari mkononi, amefukuzwa kwa sababu ya prime. Ilikusudiwa iwe ya muda mfupi. Ilikaa zaidi ya miaka 25.

Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ya umma ni bure, kama Katiba ya 2006 ilivyokuwa imeahidi. Watoto walifurika. Madarasa yakajaa mpaka wengine wakakaa chini. Na wazazi wenye uwezo wakaanza kuhamisha watoto wao kwenda shule za watu binafsi. Tafadhali shikeni jambo hili, kwa sababu tutalikuta tena Kenya likiwa na sura ile ile.

Kuna jambo lingine la Congo linalohusu umri tunaouongelea leo. Sheria ya elimu ya 2014 ilichukua miaka miwili ya kwanza ya sekondari ikaiweka ndani ya elimu ya msingi, ikawa darasa la saba na la nane. Kwa hiyo hata nyumbani wamekubali kwamba mtoto wa miaka 12 mpaka 14 yuko mahali pa katikati. Si mtoto wa shule ya msingi tena, na sekondari bado. Hapo katikati ndipo wengi wetu hupotelea.

KENYA ILIKUWA NA SHULE YA KATI ZAMANI

Watu wengi wanadhani Gredi ya 7, 8 na 9 ni jambo jipya kabisa lililoletwa juzi. Kumbe Kenya ilishakuwa na shule ya kati kabla ya uhuru.

Lakini tuanze nyuma kidogo. Kenya pia ilikuwa nchi ya shule za misioni. Mwaka 1929 kulitokea mgogoro mkubwa katika nchi ya Wakikuyu, pale misioni zilipowataka waumini waache tohara ya wasichana. Sisi leo tunajua madhara ya tohara hiyo, na hatuitetei. Tunachotaka muone ni kile wazazi walichofanya kuhusu shule. Wengi waliwatoa watoto misioni na wakajenga shule zao wenyewe, wakaunda vyama vya kuzisimamia, kama KISA na Karing'a. Mwaka 1939 walifungua chuo cha ualimu Githunguri, kikiongozwa na Mbiyu Koinange, kwa sababu waligundua haraka kwamba jengo bila mwalimu ni ghala tu. Pesa zilitoka kwa watu wenyewe.

Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, kiongozi wa kanisa la Anglikana, ilitoa ripoti juu ya elimu ya Waafrika. Ikapanga miaka 4 ya shule ya msingi, miaka 4 ya shule ya kati, na miaka 4 ya sekondari. Wazee mpaka leo wanaiita intamidieti. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi. Tatizo lilikuwa mtihani uliowekwa mwisho wa darasa la nne. Mtoto wa miaka 10 au 11 alikalia karatasi, na wengi wao safari iliishia hapo. Wachache waliovuka walikutana na mtihani mwingine, KAPE, mwisho wa darasa la nane. Waafrika wengi waliipinga ripoti hiyo. Waliona ni ungo uliosukwa ili wengi wabaki kuwa vibarua.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na shule zile zilizojengwa na wazazi zikafungwa, chuo cha Githunguri nacho kikafungwa. Kwa hiyo mzazi ambaye jana alikuwa na shule aliyoijenga kwa mikono yake, leo alibaki na shule ambayo hakuwa na sauti ndani yake.

UNGO ULIHAMA, HAUKUONDOKA

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa shule za rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Tume ya mwaka 1964 iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilitaka mfumo mmoja kwa wote. Shule ya kati ikafutwa, ikaunganishwa na ya msingi, na mtoto akawa anasoma miaka 7 moja kwa moja. Yaani ule mtihani wa darasa la nne ukaondoka. Lakini sekondari zilikuwa chache, kwa hiyo ungo ukahamishiwa darasa la saba. Hiyo ndiyo CPE.

Watoto walioachwa na CPE walikuwa wengi, na wazazi wao hawakukaa kimya. Rais Jomo Kenyatta alikuwa amehubiri harambee, na vijiji vikaitikia kwa shule. Watu walileta kuku, mbuzi, mawe na mchanga. Wasio na kitu walileta mikono. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, sekondari za harambee na nyingine zisizopata msaada wa serikali zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Hiyo ni kazi kubwa, na Wakenya wana haki ya kujivunia.

Lakini tusiifunike na maua tu. Shule nyingi za harambee hazikuwa na maabara wala walimu wa kutosha waliosomea kazi, na karo yake mara nyingi ilikuwa juu kuliko ya shule ya serikali. Maana yake ni nini? Mtoto wa tajiri aliyesoma shule nzuri ya msingi alipita vizuri, akaenda shule ya serikali yenye kila kitu na akalipa kidogo. Mtoto wa maskini aliyekosa alama chache alienda harambee, akalipa zaidi, akapata pungufu. Mzazi maskini alikuwa analipia kosa la ungo.

Mambo ya bure nayo yana historia yake. Mwaka 1974 karo ilifutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Watoto wakajaa. Halafu shule zikaanza kudai pesa ya ujenzi, na mahali pengi pesa hiyo ilizidi karo iliyofutwa. Watoto wakatoka tena. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, ukaongeza darasa la nane, na wazazi wakaambiwa wajenge madarasa na karakana za kufundishia useremala na kazi nyingine za mikono. Kwa hiyo kabla hujaamini neno bure, uliza: nani atalipa kile ambacho hakikutajwa?

PALE MLANGO ULIPOFUNGULIWA KWA WOTE

Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule ya msingi. Idadi ya wanafunzi iliruka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret, na dunia nzima ikasikia. Ilikuwa habari njema, na sisi hatutaki mtu aisimulie kama hasara. Kuna watu wazima leo wanaosoma dawa ya mtoto kwenye chupa kwa sababu ya mwaka ule.

Ila kuna kitu kingine kilitokea pembeni. Wazazi wenye mishahara walitazama darasa la watoto 80 au 100 na mwalimu mmoja, wakaondoka. Akademi zikachipuka kila mtaa, nyingine nzuri, nyingine za mabati na jina la Kizungu. Akademi ziliongoza KCPE, na watoto wake wakachukua nafasi nyingi katika sekondari za kitaifa, zile zilizojengwa kwa kodi ya wote. Mwaka 2011 serikali iliamua nafasi nyingi za shule za kitaifa ziende kwa watoto waliosoma shule za umma. Wenye akademi na wazazi wao wakalalamika kwamba watoto wanaadhibiwa kwa sababu wazazi wao walijinyima. Na kweli, mtoto hakuchagua. Lakini hata yule wa shule ya umma hakuchagua.

Sasa hapa ndipo tunapotaka tusimame. Watu husema shule ya umma ilishuka kwa sababu iliingiza watoto wengi maskini. Sisi hatukubali. Mtoto maskini hakuja na ujinga mfukoni. Shule ilipungukiwa na walimu na vitabu, hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba wale wazazi waliojua kuandika barua, waliomjua mkuu wa elimu kwa jina, waliokuwa na ujasiri wa kusimama mkutanoni na kuuliza pesa ilienda wapi, ndio walioondoka. Walipoondoka hawakubeba watoto wao peke yao. Walibeba na maswali. Kule Congo baada ya 2019, wazazi wa namna hiyo waliondoka vilevile.

GREDI YA 7 NA MADARASA YALIYOJENGWA KWINGINE

Tufike kwenye swali letu. Mtaala wa CBC ulianza rasmi nchi nzima mwaka 2019 kwa watoto wadogo. Watoto wa kwanza walifika Gredi ya 6 mwaka 2022. Serikali iliyokuwepo ilikuwa imepanga Gredi ya 7 hadi 9 ikae kwenye sekondari, na madarasa karibu 10,000 yalipangwa kujengwa huko. Kisha serikali ikabadilika. Kamati iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu ilizunguka nchi kusikiliza watu, na Desemba 2022 ikapendekeza sekondari ya msingi, yaani JSS, iwekwe ndani ya shule za msingi zilizopo. Sababu ilikuwa ya mzazi kabisa: watoto wa miaka 12 bado ni wadogo kwenda bweni pamoja na vijana wakubwa, na shule ya msingi iko karibu na nyumbani.

Basi mwishoni mwa Januari 2023 watoto waliingia Gredi ya 7. Madarasa mapya yalikuwa kwenye sekondari, watoto walikuwa kwenye shule za msingi. Maabara hazikuwepo. Serikali ilipanga shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa JSS kwa mwaka, wakati mtoto wa shule ya msingi hupangiwa 1,420, kwa hiyo pesa ilionekana kuwa nzuri. Lakini walimu wengi walioajiriwa walikuwa wa mkataba, wanalipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifundisha masomo hata ambayo hawakuyasomea. Mwaka 2024 waligoma kwa wiki kadhaa wakidai ajira ya kudumu. Waliosoma Congo walipoiona habari hiyo waliitambua mara moja.

Kwa nini miaka hii mitatu ni mizito? Kwa sababu safari hii ungo uko hapa. Mwisho wa Gredi ya 9 kuna mtihani wa KJSEA, uliofanyika mara ya kwanza mwaka 2025. Unabeba asilimia 60 ya alama. Asilimia 20 inatoka kwenye KPSEA ya Gredi ya 6, na asilimia 20 inatoka kwenye tathmini zinazofanyika shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Alama hizo ndizo zinazosaidia kuamua mtoto ataenda shule gani Gredi ya 10, na kama atafuata njia ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, ama ya sanaa na michezo. Watoto wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto aliyesoma sayansi miaka mitatu bila kushika hata chupa ya maabara, ni nani aliyemchagulia njia? Si yeye wala mzazi wake. Ni shule.

NA SISI WA KAMBINI?

Kakuma ilianza mwaka 1992, na miongoni mwa wa kwanza kufika walikuwa vijana wa Sudan waliotembea bila wazazi. Masomo yalianza chini ya miti. Shule za kambi zilishika mtaala wa Kenya, na hilo ni jambo la kushukuru. Wenzetu wa Nyarugusu, Tanzania, swali letu hawana hata nafasi ya kujiuliza: ndani ya kambi, mtoto wa Kikongo amekuwa akifuata mtaala wa Congo na mtoto wa Kirundi mtaala wa Burundi, kwa sababu sera iliwatazama kama watu wa kurudi kesho. Mtoto wetu anafanya mtihani ule ule anaofanya mtoto wa Nairobi.

Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Darasa la watoto zaidi ya 100 kwetu si habari. Walimu wetu wengi ni wakimbizi wenzetu wanaolipwa posho, wanafundisha kwa moyo, wakipata nafasi ya kwenda nchi nyingine au kazi bora wanaondoka, na darasa linabaki. Shule za kambi kwa miaka mingi zimeendeshwa kwa pesa za mashirika, na pesa hizo zimepungua. Mwaka 2025 hata mgao wa chakula ulikatwa sana. Sasa kuna mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaotaka wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja, shule zikiwemo. Kwa hiyo zile shule tunazoziona kama za shirika fulani zinaelekea kuwa shule za umma, na sisi tutakuwa wazazi wa shule ya umma kama Mturkana jirani yetu. Tunahitaji kujifunza kazi hiyo mapema.

Na tusidhani akademi ni mbinguni. Familia moja tunayoifahamu iliuza mgao na kukopa dukani ili mtoto aende akademi moja ya mjini, jina tunaliacha. Muhula wa pili tuliambiwa mwalimu wa sayansi ameondoka na hajapata mbadala. Maabara ilikuwa picha kwenye tangazo. Mtoto alirudi kambini katikati ya mwaka, na nafasi yake kwenye dawati la zamani ilikuwa imechukuliwa. Sare nzuri haifundishi.

WALICHOKUWA WANAPIMA

Tumepita Bukavu, Githunguri, harambee, 2003 na 2023. Kila mahali mzazi alidhani anapima majengo, jina na alama. Historia inatuonyesha mambo matatu yaliyoamua zaidi. Mzazi akija kutuuliza, haya ndiyo tunamwambia aende nayo shuleni, iwe ya karibu au ya mbali.

La kwanza, mwalimu analipwa na nani, na mwaka kesho atakuwepo? Usiulize tu kama kuna mwalimu wa hesabu. Uliza amekaa muda gani. Prime ya Congo na mgomo wa 2024 vinasema kitu kimoja: shule ambayo mshahara wa mwalimu unayumba, nayo inayumba.

La pili, ungo uko wapi na shule inamwandaa mtoto vipi? Kwetu sasa uko Gredi ya 9, na sehemu yake iko kwenye tathmini za Gredi ya 7 na ya 8. Omba kuona kazi ambazo wanafunzi wamefanya. Shule isiyo na maabara lakini ina mwalimu anayefanya majaribio kwa chupa za plastiki na chumvi ya jikoni inaweza kuishinda ile yenye maabara iliyofungwa kwa kufuli.

La tatu, mzazi ana sauti? Kuna mkutano wa wazazi? Matumizi ya pesa yanasomwa? Ukiuliza swali unajibiwa ama unatazamwa vibaya? Githunguri na harambee zilisimama kwa sababu ya hili. Shule za 2003 zilidhoofika pale lilipotoka.

Sasa msimamo wetu, maana hatutaki kumaliza bila kusema. Sisi tunamshauri mzazi aanze na shule ya jirani. Siyo kwa sababu ni nzuri tayari. Ni kwa sababu mtoto wa miaka 12 anayelala nyumbani, anayekula na ndugu zake, ambaye mama anaona daftari lake jioni, ana kitu ambacho bweni la bei rahisi halimpi. Tena pesa ile ya karo, hata nusu yake tu, inaweza kununua vitabu, taa ya sola na masomo ya ziada. Wazazi kumi wakikaa pamoja wanaweza kumwongezea mwalimu mmoja wa sayansi kitu cha kumfanya abaki. Tunajua hiyo inafanana na prime. Tofauti ni hii: wazazi wakubaliane wenyewe, iwe na mwisho, hesabu isomwe mbele ya wote, na mtoto wa asiyeweza asifukuzwe darasani kamwe. Tukishindwa kulinda sharti hilo la mwisho, tuache kabisa.

Lakini kama umeuliza maswali hayo matatu na shule imefeli yote, na unayo njia, mpeleke mtoto wako. Hakuna atakayekuhukumu hapa. Mzazi si mhandisi wa mfumo mzima, ana mtoto mmoja anayekua leo. Tunakuomba jambo moja tu: mtoto akienda, wewe usiende. Endelea kuja mkutanoni. Una mtoto mwingine nyuma yake, ama una wa jirani. Wale wa 2003 waliondoka na watoto wao pamoja na maswali yao. Sisi tunaweza kuacha maswali hapa.

Mkutano wa wazazi kwa kawaida huitwa mwanzoni mwa muhula. Wakati mwingine watu saba tu ndio hufika, na watano kati yao ni walimu. Safari hii sisi vijana tutapita block kwa block kuwakumbusha. Asiyejua Kiingereza wala Kiswahili cha shuleni asiogope, tutakaa naye tumtafsirie. Njooni na maswali yenu.